Kibuyu Kilichooshwa kwa Sabuni

Mjukuu wangu Kabula,

Marahaba. Huku Buswelu tu wazima, mama yako anakusalimu.

Umeuliza kama naielewa kazi yako ya kubandika vimeng'enya vya kugeuza maziwa kwenye utando wa plastiki, maziwa yapite, vyenyewe vibaki. Naielewa sana. Kibuyu nilichopewa na mama nilikifukiza moshi tu, sabuni haikukigusa. Kilichonata ndani ndicho kilichogandisha maziwa ya kesho.

Babu yako alipofariki, ndugu zake waliswaga ng'ombe wote. Kibuyu nacho walikibeba; dada yao alinirudishia kikinukia sabuni.

"Nimekusafishia, wifi."

Nikasema asante. Amekulia kwenye maziwa yule, alijua anachokisugua. Ng'ombe ningeweza kupata wengine; kilichonata tangu enzi za mama, hapana.

Ni mimi bibi yako, ninayekunywa chai ya rangi mpaka leo.