Gari Iko Njiani

Jumanne, 5 Agosti 2025. Mugina, mpakani

Tumevuka. Pasi zimegongwa mihuri, begi la Baba limepekuliwa, na hatua ishirini tu ndani ya Burundi simu yangu ikafa. Si chaji, ni laini. Imeandika "hakuna huduma" na kukaa hivyo hivyo. Na gari la hoteli halipo!

Nilipanga kila kitu tangu Kigoma. Hoteli ya Rumonge, vyumba viwili, gari la kutupokea hapa saa nne asubuhi. Mtu wa mapokezi anaitwa Fahadi. Aliniomba majina kamili ya abiria, nikampigia picha pasi zote mbili na kumtumia. Akauliza: mzee ni wa Rumonge? Nikajibu ndiyo, alikimbia vita mwaka tisini na tatu, hajarudi tangu hapo. Akakaa siku nzima bila kujibu. Kisha: "Gari itakuwa. Mukuje."

Nimenunua laini ya huku kwa dada mmoja, Ineza, anakaa chini ya mwavuli karibu na kizuizi. Alinipiga picha nimeshika pasi kifuani kama mfungwa. Mtandao ukagoma. Ukakubali. Ukagoma tena. Hata saa imebadilika, huku wako nyuma yetu saa moja. Baba akasema basi sisi hatujachelewa, wao ndio wamechelewa. Akacheka peke yake.

Nikamwandikia Fahadi: tumefika. Jibu: "Gari iko njiani." Saa sita: iko njiani. Saa nane: iko njiani. Saa kumi na moja: "Esansi imekosekana. Kesho."

Ineza anasema esansi, yaani petroli, ni shida kweli, magari yanalala kwenye foleni. Ya abiria ni machache na watu wanayagombea kwa viwiko. Baba hataki kugombea. Ana miaka sabini na nne na goti la kulia halikunjiki, lakini tatizo si goti. Ni kiburi. Sirudi kwetu nimekalia mapaja ya mtu, anasema. Nitashuka kwenye gari la hoteli, watu waone.

Kisha akanigeukia mimi. Miaka thelathini, hujaolewa, cherehani yenyewe ya kuazima, na leo gari moja tu limekushinda kuliita! Mbele ya Ineza. Ineza akajifanya anapanga vocha zake.

Tumepata vyumba nyuma ya mgahawa. Ukuta ni mwembamba. Namsikia akikohoa.

Jumatano, 6 Agosti. Nyanza-Lac

Asubuhi Fahadi akaandika kwamba gari haliwezi kupanda mpaka Mugina, tushuke Nyanza-Lac. Tukashuka. Pikipiki mbili, Baba amenyoosha mguu pembeni kama mpini wa jembe, vumbi mpaka kwenye nyusi. Ziwa likaonekana kule chini. Hakulitazama. Alikuwa anamtukana dereva.

Tulielekezwa tusubiri kwenye kituo cha mafuta. Pampu zimezungushiwa kamba. Kivuli kimejaa akina mama na ndoo zao za mawese, nafasi hakuna. Baba akakalia begi lake, juani.

Saa saba simu ikalia. Fahadi mwenyewe, mara ya kwanza nasikia sauti yake. Ya chini, ya upole, kama ya mtu aliyekuja kuhani. Amahoro, akasema. Akauliza mzee anafanya nini saa hii. Amekaa, nikasema. "Ku jua ama ku kivuli?" Swali gani hilo! Nikamwambia kwenye jua. Nikasikia vikombe vikigongana nyuma yake. Kisha akasema nitume foto, shoferi apate kumujua.

Nikampiga Baba picha. Kofia imeshuka, mdomo wazi, jasho kwenye makunyanzi ya shingo. Nikatuma.

"Murakoze." Asante, kwa lugha ya huku.

Dakika kumi baadaye: "Amezeeka."

Nimeisoma mara nne. Nikaandika: unamjua? Tiki mbili za bluu.

Gari halikuja. Tumelala nyumba ya wageni iliyo karibu na msikiti. Baba ameungua mashavu na analaumu sabuni ya huku.

Alhamisi, 7 Agosti. Nyanza-Lac

Niandike polepole.

Fahadi alipiga asubuhi wakati Baba yuko bafuni. Hakusalimia. Akauliza mimi ni mutoto wa ngapi kwa Mzee Amuri. Wa kwanza, nikasema, tuko watatu. Akacheka kidogo, puani.

"Wa kwanza ni mimi."

Nikakaa kitandani.

Alisema ana miaka thelathini na nane. Alisema mama yake anaitwa Chausiku na bado yuko hai. Mwaka ule wa tisini na tatu Baba alipanda mashua ya kwenda Kigoma, akamwambia mama yake: kaeni hapa mwaloni, ufukweni, na watoto, kesho narudisha mashua kuwachukua. Wakakaa. Chini ya turubai, mvua za Oktoba zimeanza, risasi zinasikika huko juu milimani. Kesho ikapita. Kila mashua iliyotokea mama yake alisimama na kufunga upya kanga ya mgongoni. Kwenye hiyo kanga alikuwa mdogo wake Fahadi, Asma, miaka miwili, anaharisha. Siku ya tisa mama yake akafunga kanga, na mtoto hakulia. Walimzika nyuma ya vibanda vya kuanikia dagaa.

Yote hayo kwa sauti ile ile ya mapokezi! Kama ananisomea saa za chakula.

Nikauliza: gari lipo? Akasema gari iko, imejaa esansi, imesimama mbele ya mulango tangu Jumanne. Akauliza: "Anakuja kufanya nini?" Nikasema kumwombea dua bibi kaburini na kuona shamba la michikichi. "Kuona ama kuuzisha?" Sikuelewa. Akasema mama yake anaishi mule ndani ya shamba, kwa miaka yote, na kuna bwana kutoka Bujumbura, Hadji, alikuja mwezi uliopita kupima kwa kamba. Akakata.

Nimefungua begi la Baba. Najua si adabu. Nimefungua! Chini ya kanzu kuna bahasha. Mkataba umeshapigwa chapa. Mnunuzi: Hadji. "Shamba halikaliwi na mtu yeyote." Na chini, kwenye nafasi ya shahidi, jina langu lote, Riziki binti Amuri. Imebaki sahihi tu. Mimi nilidhani amenichukua kwa sababu najua simu.

Mchana Baba alikuwa anachambua samaki, mgebuka, miba anaipanga kwenye ukingo wa sahani. Nikamuuliza kama aliwahi kuwa na mke Rumonge. Nani amekuambia? Mama, nikadanganya. Hakushtuka. Akasema mashua ilikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Nikasema: lakini uliahidi kurudi. Akasema nilifika Kigoma nikampata mama yako. Hivyo tu! Kwa sauti anayoombea chumvi. Yule mwanamke alikuwa na ndugu zake, wangemtunza.

Na watoto?

"Yule wa kike alikuwa dhaifu toka kuzaliwa."

Alikuwa. Kwa hiyo alijua. Kuna mtu alimletea habari Kigoma, akaisikia, akaendelea kuishi, akanizaa mimi.

Akalamba vidole. Akasema niwaambie watu wa hoteli kesho saa tatu kamili.

Sikumwambia Baba huyo Fahadi ni nani.

Ijumaa, 8 Agosti. Nyanza-Lac

Leo ni mimi.

Nilimwandikia Fahadi alfajiri: usilete gari. Akajibu alama ya kuuliza. Sikueleza. Kisha nikamgongea Baba mlango na kumwambia gari linakuja saa tatu. Akaoga, akavaa kanzu, akajipaka manukato. Tukaenda kituoni. Akakalia begi.

Saa tatu ikapita. Iko njiani, nikamwambia. Saa nne: njiani, Baba, tairi limepasuka Muhuta. Muhuta iko upande wa pili kabisa wa Rumonge! Gari la kuja huku halipiti Muhuta. Amesahau nchi yake. Akaitikia kichwa.

Saa tano na nusu adhana ya kwanza. Akataka kwenda kuswali Ijumaa. Nikamwambia shoferi amesema anafika saa sita kamili na hasubiri, ukienda tutaachwa. Hajawahi kukosa Ijumaa, hata alipolazwa na malaria aliomba abebwe. Alitazama msikiti. Alitazama barabara. Akabaki. Watu walimpita wakienda, wakampita wakirudi, wengine wakamtazama mzee mwenye kanzu safi amekaa juu ya begi wakati wa hutuba. Aliinamisha kichwa.

Mimi nilikuwa kibarazani ng'ambo ya barabara, kivulini, na Fanta baridi. Nikampiga picha. Mdomo umekauka mweupe pembeni. Nikamtumia Fahadi bila kuombwa.

Akajibu baada ya muda mrefu. "Sikukuomba hiyo."

Uso ukaniwaka. Yeye ndiye aliyeanza! Nikaandika hivyo, nikafuta.

Halafu tena: "Mupe maji, dada."

Dada. Nikampelekea maji. Baba akanywa chupa nzima bila kushusha. Akasema mimi ni mtoto mzuri. Nikarudi kibarazani. Fanta sikuimaliza.

Jioni Fahadi alipiga. Mama yake ameona picha kwenye simu yake. Hakulia, hakuuliza kitu. Amesema kesho mzee aletwe huku, na yeye mama mwenyewe atakuwa ndani ya gari. Nikauliza anataka nini. "Hasemi. Amefua nguo yake ya Idi."

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika garini. Probox nyeupe. Ilifika saa tatu kasoro, leo bila kuahidiwa.

Fahadi ana pua ya Baba. Ina nundu ile ile, na imekaa upande kidogo. Nilidhani Baba ataona. Baba aliona dereva. Siku nne! akafoka, hoteli gani hii, wewe huna haya? Chukua mzigo. Fahadi akachukua mzigo. Mikono yake ilikuwa taratibu kabisa, kama anabeba mayai.

Kwenye kiti cha mbele alikuwa amekaa mwanamke mwembamba, kitambaa cha kijani, macho yana ukungu kidogo. Baba akasema mwambie huyu mama arudi nyuma, mimi nina goti. Fahadi akafungua mdomo. Yule mama akamwahi: "Akae mbele." Akashuka akishikilia mlango, akaja kukaa na mimi. Akanishika mkono na hakuuachia. Ngumu, kavu. Akaniuliza jina kwa kunong'ona. Riziki, nikasema. Akarudia, Riziki, kama anaonja chumvi kwenye mchuzi.

Njia nzima Baba alimsimulia dereva. Kwamba ana shamba kubwa. Kwamba limekaa bure miaka thelathini na zaidi, halina mtu, michikichi imezeeka. Kwamba yeye ni mwenyeji, aulize popote. Fahadi: ndiyo, mzee. Ndiyo, mzee. Mama Chausiku alitazama ziwa. Mara moja tu kidole chake kilinibana, Baba aliposema huko hakuacha mtu.

Karibu na Rumonge tukaacha lami. Baba akauliza hoteli iko huku? Ni mwaloni: mashua zimepinduliwa mchangani, nyavu zimetandikwa, dagaa wanaanikwa. Watu wachache, mbali. Fahadi akazima gari.

Mama Chausiku akashuka kwanza. Akafungua mlango wa Baba na kumpa mkono, twende tunyooshe miguu kidogo, mzee. Akashuka! Alipewa mkono na mwanamke, akashuka. Kabla hawajaondoka Mama aliinama dirishani kwa Fahadi. "Muende. Mutarudi kunitwaa jioni." Kunitwaa, si kututwaa. Nilisikia vizuri.

"Na yeye?" Fahadi akauliza.

Mama akamshika Baba kiwiko kwa sababu ya mchanga.

Niliwatazama mpaka karibu na maji. Mama aliongea, kifupi sana, labda maneno matatu. Baba akageuka kumtazama usoni. Akatikisa kichwa. Mama akaongea tena. Goti lisilokunjika likakunjika, akakaa mchangani kwa kishindo kama mtu aliyesukumwa, lakini hakuna aliyemsukuma. Mama amebaki amesimama.

Fahadi amewasha gari. Hajaniuliza. Ananitazama kwenye kioo, pua ile, anangoja niseme.

Simu ya Baba iko mkononi mwangu, aliniachia anaposhuka. Inalia. Hadji. Nimeizima.

Baba ameinua mkono huku kwetu. Sijui anaita au anajikinga jua. Gari linakwenda, herufi zinaruka, vumbi limeingia. Bado namwona.

Sijasema simama.