Miguu Yangu Angani

Jumatatu, 8 Mei 1916
Leo nimerusha ndege! Mimi, Ivo Brambati, bingwa wa baiskeli wa Lombardia katika mbio fupi, yule aliyewaacha vijana wa Torino wakimeza vumbi. Luteni Tebaldi, mwalimu wetu, alikaa nyuma yangu. Ukiwa juu, ng'ombe wadogo kama kunguni!

Tatizo dogo tu. Miguu. Chini kuna gongo la kukanyagia: kanyaga kulia, ndege inageuka kulia; kushoto, kushoto. Basi. Hata bibi yangu angeweza. Lakini miguu hii imekanyaga pedali tangu nina miaka kumi, na ikikuta kitu cha kukanyaga haiombi ruhusa. Kulia, kushoto, kulia, kushoto— ndege ikatikisa mkia kama mbwa aliyeona mfupa. Luteni akatapika kahawa yake yote. Tuliposhuka akafuta masharubu taratibu, akaniuliza kama nilitaka tufike mwezini kabla ya chakula cha mchana.

Kisha akaacha mzaha. Mtihani ni Jumapili. Nikishindwa narudishwa kwa askari wa miguu, kwenye mahandaki ya Carso nilikotoka, tunakopigana na Waaustria. Siendi! Kule panya wananenepa kuliko sisi.

Jumatano, 10 Mei
Nerio, fundi wetu wa injini, mtu wa Romagna mwenye mdomo mchafu kuliko mikono yake, amenifunga buti kwenye gongo kwa mikanda ya ngozi, kama tunavyofunga viatu kwenye pedali za mashindano. Ndege ikanyooka kama mtawa anayekwenda kanisani! Luteni akanisifu. Halafu akaona mikanda. Akamwuliza Nerio, ndege ikiwaka moto huyu atatokaje? Nerio akajibu kwamba kwa mapaja aliyonayo, bingwa atatoka na ndege yenyewe mgongoni. Mikanda imekatwa.

Ijumaa, 12 Mei
Mazoezi. Nimekaa kwenye kiti cha jikoni, miguu juu ya mpini wa fagio. Nerio anaita: kulia, kushoto, tulia. Hiyo "tulia" ndiyo ngumu. Wenzangu wamejaa mlangoni, wamewekeana dau la sigara. Wacheke tu. Mimi nimezoea watazamaji wanaolipa kiingilio.

Jumapili, 14 Mei
Lo! Niandike upesi kabla sijapasuka, kwa kicheko au kwa kilio, sijui.

Mtihani. Peke yangu! Nikapaa, nikauzunguka mnara wa kanisa mara mbili, miguu imetulia kama ya maiti. Likabaki jambo moja: kuzima injini na kuteremka kimya kimya mpaka ndani ya duara la chokaa uwanjani. Nikazima. Kimya. Duara lile pale, tamu kama keki. Na hapo hapo Padri akaanza kupiga kengele ya misa.

Sasa mtu aliyekulia kwenye mashindano ya baiskeli utamwambia nini? Kengele ni mzunguko wa mwisho! Ukiisikia huna kichwa tena, una miguu tu. Nikainama, kidevu juu ya usukani, nikakanyaga kama kichaa. Ndege ikayumba huku na huku, duara likanipita pembeni, nikatua— vizuri, naapa, vizuri sana— kwenye shamba la majani la mzee mmoja. Aliyefariki ni kuku mmoja tu.

Luteni alikuja mbio, amepauka. Nikamweleza habari ya kengele. Mabega yakaanza kumtetemeka kwa kicheko.

"Brambati," akasema, "huko unakotaka kwenda, kila kijiji kina kanisa."

Lakini amenipa nafasi nyingine, Jumatano. Nerio amekwenda kumwomba Padri siku hiyo asipige. Padri kamjibu kwamba kengele yake ilikuwepo kabla ya baiskeli.

Jumanne, 16 Mei
Rubani! Mimi ni rubani!

Hakuna mtihani tena. Tangu jana Waaustria wanateremka milimani, na jeshi linataka ndege zote na kila awezaye kuzipandisha. Luteni ametutilia sahihi vyeti vyote juu ya bawa la ndege, hata hakuketi. Nikamtania kwamba lile duara bado linanisubiri. Hakucheka.

"Kushuka utajifunzia huko huko," akasema.

Akaniuliza mama yangu anaishi mtaa gani. Nikamwambia, wa nini, Bwana Luteni, unataka kumposa? Akatoa kalamu. Nikamtajia. Akaandika.

Sasa nimeshakaa ndani, daftari juu ya paja. Ndege tano zimejipanga, yangu ya kwanza— ulitaka ya nani? Nerio amesimama mbele, ameshika rafadha, lile panga la injini, tayari kuizungusha, na tangu asubuhi hajatukana mtu. Nimemtolea ulimi. Ameangalia kando.

Mwandiko unarukaruka. Paja halitaki kutulia, daftari linacheza. Baridi hii. Mwezi wa Mei, lakini ni baridi tu.

Nerio anauliza kama niko tayari. Hii ni mara ya pili anauliza.