Betri ya Kiredio cha Juu ya Tenki

Baba Fahim,

Simu yako imezimwa. Ukitoka sokoni, isyo ya mahindi na maharagwe iko kwa sufuria, pasha mwenyewe. Mbuzi wa ndugu yako Nuhu wamejileta asubuhi bila yeye. Wafungie.

Huko malishoni hakuna netiweki, kwa hivyo nilipanda juu ya tenki kuangalia kile kiredio kinachopokea ujumbe wake kupitia kile cha kilimani. Hakina betri! Jumamosi ulisema unaiazima kidogo tu usikilize mpira. Leo ni Jumanne, Baba Fahim.

Nimeweka betri ya tochi. Ujumbe uliokwama kilimani ukaingia wote mara moja. Jumapili, saa tatu asubuhi: “Nimeumwa na nyoka. Leteni pikipiki.” Saa nne: “Mko wapi?” Basi.

Nimeenda na Githaiga wa bodaboda. ~~Ningojee.~~ Tufuate. Beba maji na blanketi ~~na ile shuka nyeupe~~.

Na hiyo betri usiiguse. Kiredio cha Nuhu bado kinatuma mahali kilipo kila dakika kumi. Tangu Jumapili ni mahali pamoja.

Mama Fahim