Pushirodi Nane Zilizooshwa

4 Februari

Baba yako amefariki Jumanne, tukamzika Alhamisi, na trekta ameliacha injini ikiwa wazi.

Sasa ndiyo nakusalimu. Hujambo mwanangu? Kazi ya mgodini inakwendaje, na kile kifua chako kimepona? Mimi mzima. Nakula, nalala. Watu wananitazama usoni kama wanaosubiri maji yachemke, na mimi sina chozi la kuwapa. Simu yako haishiki, ndiyo maana barua hii nampa dereva wa lori la maziwa aitie posta.

Alianguka bandani, spana mkononi. Daktari alisema ni moyo. Alikuwa ameshabadilisha gasketi na kukifunga kichwa cha injini. Zilibaki zile fimbo nane za chuma, pushirodi, na roka, vile vikono vinavyokaa juu yake na kusukuma valvu. Alikuwa amezichomeka kwenye boksi, kila moja na tundu lake na namba yake. Basi wafiwa tukawa wengi, banda likahitajika watu wakae, nikaona haya wageni wakute vyuma vina masizi. Nikazichomoa zote, nikaziosha kwa sabuni ya kufulia, nikazifunga fungu moja kwa uzi. Zinang'aa kama vijiko vya kabatini. Boksi tuliwashia moto.

Baba yako mdogo amesema mbele ya watu kwamba trekta bovu ni chuma chakavu. Lisipowaka kabla mwezi wa tatu haujaisha, anamleta mnunuzi wa chuma chakavu alikate, shamba alikodishe, na mimi nihamie kwake nikamsaidie mkewe jikoni. Mimi huyu. Nikamwambia nina binti fundi wa mitambo, anafungua injini kubwa kuliko nyumba yako. Akasema, basi mwambie aje.

Niambie tu nianze na ipi.

Mama yako

13 Februari

Shikamoo mama. Barua imefika. Mimi mzima, kifua kimepona.

Mama, uliziosha? Zile hazichanganywi. Kila pushirodi imekaa na roka yake miaka yote hiyo, zimelika pamoja, zimezoeana kama mke na mume. Ukimpa mwingine, wanagombana.

Fanya hivi. Juu ya kila pushirodi kuna kikombe kidogo. Chini ya kila roka kuna skrubu yenye kichwa cha mviringo, inakaa humo. Paka mafuta, zikutanishe, zungusha kwa vidole. Zikiwa za pamoja, inateleza kimya. Ikikwaruza, hiyo si yake, jaribu nyingine. Roka zenyewe zina namba zilizochongwa, ndizo zitakuonyesha mahali. Moja ni fupi kidogo, unene wa ukucha. Hiyo ni ya silinda ya tatu, kwenye valvu ya kutolea moshi. Baba aliitoa kwenye injini nyingine, nilikuwepo.

Ukimaliza, zungusha injini kwa mkono mpaka pushirodi mbili za silinda moja ziwe legelege, halafu pima nafasi kati ya roka na valvu. Geji ya baba ilipotea zamani. Tumia nyembe tatu za kunyolea kwa pamoja. Zipite kwa kubanwa kidogo, kama unavyochomoa noti kwenye kitabu.

Ruhusa nimenyimwa. Zamu yangu inaisha tarehe ishirini na moja Machi.

Mwanao

19 Februari

Mwanangu, hujambo? Mimi sijambo, mgongo tu.

Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta neno la baba yako, nikakuta la mke na mume, na hilo uliliandika bila kutazama. Sikulaumu. Na mimi nilikuandikia habari za sabuni.

Nimeanza. Nimetandika shuka kuukuu mezani, nimepanga roka upande huu na pushirodi upande ule, nazungusha kama mtu anayejaribu funguo. Jirani yangu fundi cherehani alipita akauliza, "Mama Fundi, unasuka?" Nikamwambia ninaozesha. Tano zimeshapata wenzao, na sitegemei mtu. Nimemsomea yeye barua yako yote, mpaka pa nyembe. Akasema kweli umezaa. Nikamwambia hujui bado.

Nyembe nimezipata. Kwenye pakiti ya baba yako zilibaki nne.

Sasa kuna jambo. Fupi si moja. Ni mbili. Nimezisimamisha kwenye kioo, nimezipima kwa rula ya shule, ni mbili. Moja nimeiweka silinda ya tatu ulikosema. Hii nyingine ni ya nani?

Mama yako

5 Machi

Shikamoo mama. Samahani nimechelewa, si posta, ni mimi.

Ya pili siijui. Aliiweka baada ya mimi kuondoka na hakuniambia. Nimekaa na barua yako wiki nzima nikijaribu kukumbuka kitu ambacho sikukiona. Kila safari alipokuwa akiandika aliniambia trekta lina kikohozi kidogo tu.

Siku nilipopata barua yako ya kwanza niliirudisha mfukoni nikaenda zamu. Nilifunga pampu nzima, sikukosea hata nati moja. Msimamizi akanisifu. Mpaka leo niko hivyo hivyo. Nadhani ungependa kujua.

Jaribu hivi. Iweke popote palipobaki, kisha uikaze skrubu ya roka. Ikiwa si mahali pake, skrubu itaisha uzi, itafika mwisho kabla nyembe hazijabanwa. Ikikubali, ndipo.

Mwanao

12 Machi

Limewaka. Jana saa nne asubuhi, na moshi wake ulifika mpaka kwa fundi cherehani akaanua nguo za watu.

Hujambo mwanangu? Mimi sijambo.

Ile fupi ilikuwa ya silinda ya kwanza. Nilijaribu pawili, skrubu ikaisha uzi, pa tatu ikakubali. Nyembe zikapita vile ulivyosema, kama noti kitabuni. Wembe mmoja ulinikata kidole, nikakitazama kinavyotoka damu kama cha mtu mwingine, nikafunga kitambaa nikaendelea. Nilidhani likiwaka nitasikia kitu. Nilisikia injini. Nikalizima, nikaosha mikono, nikapika.

Baba yako mdogo alikuja jioni bila kubisha. Nikaliwasha tena. Akaweka sikio, akasema, "Shemeji, linagonga." Nikamwambia, "Hata wewe ukiongea unagonga meza, na hatujakukata." Akacheka, si mtu mbaya, ni mtu wa haraka. Lakini akasema kuwaka si kulima. Anataka alione limevuta jembe kutoka mwanzo wa shamba mpaka mwisho, ukoo mzima ukitazama. Likizima katikati, neno lake liko palepale. Nikasema sawa.

Akasema mwenyewe ataliendesha. Hapo nikakataa. Nikamwambia kiti kile kina mtu, naye yuko mgodini anamaliza zamu. Nimetangaza mpaka sokoni kwamba injini hii umeifunga wewe kwa kalamu, mimi nilikuwa mikono tu. Kwa hiyo mwanangu usiniaibishe. Kugonga ni silinda ya pili, nadhani nyembe nilizibana sana au kidogo, sijui. Sijaigusa. Ukifika tutaipima pamoja kabla watu hawajaketi. Njoo na nguo za kazi, za baba yako zitakuwa kubwa, nimejaribu mimi.

Anakuja baba yako mdogo na mkewe, shangazi yako na mumewe, fundi cherehani, dereva wa maziwa. Na yule mnunuzi wa chuma chakavu nimemwalika, aketi mbele.

Mama yako

Nimesahau siku ya kulima. Jumamosi, tarehe ishirini na tatu, saa tatu asubuhi.