Spika Iliyochanika

Jumatatu, 3 Juni
Amekubali! Mtangazaji wa kipindi cha rock kasikiliza kaseti yetu mara tatu, kisha akampigia Nyundo kuuliza tumerekodi studio gani. Studio! Redio-kaseti moja juu ya tairi, maiki moja imening'inia kwenye kamba gerejini anakofanya kazi Nyundo. Yeye ndiye mpiga ngoma wetu, mchana ananyoosha bodi za magari, na hajui tofauti ya kazi hizo mbili.

Tulitaka ule mlio wa bendi za vijana wa miaka ya sitini: gitaa chafu, nyimbo fupi, hakuna kurembaremba. Tumeupata! Jumamosi saa nne anakuja gerejini kuturekodi kwa ajili ya redio. Sharti moja tu. Anautaka ule mngurumo wa gitaa, bila huo hatuhitaji.

Mngurumo ni wa spika yangu ya gitaa. Nyundo aliiangushia spana mwaka jana, karatasi yake ya kutolea sauti ikachanika, na tangu hapo inakoroma. Naipenda kuliko viatu vyangu vyote.

Jumatano, 5 Juni
Mazoezi saa ya chakula. Vidole vimechubuka, wimbo wa pili umekaa sawa! Bosi wa gereji kalalamika tunamfukuzia wateja, halafu nikamwona chini ya lori, mguu unacheza.

Nimemkaribisha baba tena. Fundi redio miaka thelathini – kwake kila kinachokwaruza ni mgonjwa. Muziki wetu anauita ajali. Kasema ataona. Namjua, maana yake haji.

Alhamisi, 6 Juni
Gerejini wanapaka rangi. Spika nimeileta nyumbani. Siku mbili tu!

Ijumaa, 7 Juni
Niandike nini? Nimetoka kazini saa kumi, nakuta spika sebuleni inang'aa. Baba kabandua karatasi yote, kaweka mpya. Waya kazichomelea upya. Hata kitambaa cha mbele kimefuliwa.

"Mwanangu haendi redioni na kitu kibovu," akasema.

Nikachomeka gitaa. Safi! Kila noti kama imepigwa pasi, mngurumo hakuna. Na baba anatabasamu – mara ya mwisho aliniangalia hivyo lini? Nikashukuru. Nikaenda chooni nikalia. Kinachonikera ni kwamba nilikuwa na furaha pia.

Karatasi ya zamani imeshakwenda na gari la taka. Nimempigia Nyundo simu. Akasema atakuja na wembe aichane hii mpya. Nimemkatalia.

Jumamosi, 8 Juni
Saa tatu na nusu. Naandikia juu ya ndoo ya oili. Baba amekuja! Kavaa shati la harusi, anamwambia kila fundi kwamba spika kaitengeneza yeye. Nyundo ananionyesha wembe. Nimemkatalia tena.

Saa nne na robo. Mtangazaji katuomba tupige kidogo ajaribu mitambo. Tumepiga. Kauliza mngurumo uko wapi.

Baba ndiye aliyeuliza, mngurumo gani? Mtangazaji akamwekea kaseti yetu. Baba akainamisha sikio kama anavyofanya kwa redio za wateja, akasikiliza mpaka mwisho.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unatabasamu, baba."

Kaangalia spika, kaniangalia mimi. Kisha kamwona Nyundo na wembe wake, akamnyooshea mkono aupewe.

Sasa kapiga magoti na shati lake la harusi kwenye sakafu yenye oili, kitambaa cha mbele keshakitoa. Ananiuliza ule mpasuko ulikuwa na urefu gani, ulianzia juu au chini. Miaka thelathini hajawahi kuharibu kitu kwa makusudi. Anasema nichukue gitaa, nipige huku yeye anakata, nimwambie aishie wapi. Nyundo keshashika fimbo zake. Baba anaita tena – nakuja, baba, na