Fulani Aliyekaa Juu ya Gunia

Mama,

Nimewasilisha. Nimeanza na neno hilo kabla ya salamu kwa sababu nakujua. Ningeanza na habari za afya, ungenikatisha: "Wee Neema, hicho kitabu kimezaliwa au bado?" Kimezaliwa, mama. Ile mimba ya miaka saba uliyoitania mpaka majirani wa Iyula nao wakapata la kusema, kwamba binti yako anasomea udaktari na hajui hata kuchoma sindano.

Ilikuwa Jumanne. Niliingia ofisi ya masomo ya uzamili na uzamivu nikiwa na nakala nne za tasnifu zimefungwa kwa spairo, maana jalada gumu linangoja mpaka watahini wasome na mimi nirekebishe watakachosema. Dada wa pale mezani akapekua kurasa za mwanzo, akagonga muhuri, akanipa karatasi ya kuonyesha wamepokea. "Haya, tutakujulisha," akasema, na macho yake yakahamia kwa aliyekuwa nyuma yangu. Nikatoka. Nikasimama barazani na mkoba mtupu, watu wananipita. Nikatoa simu nikakupigia.

Mkono ulipiga wenyewe. Akapokea Amani, kwa kuwa laini yako anaitumia yeye siku hizi. "Dada, vipi, huko mvua ipo?" Nikamwambia hakuna, jua tu. Mdogo wangu mwenyewe, nikashindwa kumwambia nimemaliza. Nilimwambia kesho yake. Jina kwenye simu sijalibadilisha, mama. Amani akipiga kuulizia mbolea, kioo kinaandika "Mama", na moyo unaruka kabla akili haijafika.

Nyumbani pametulia mno. Amani ameng'oa mistari miwili ya kahawa kule chini mtoni, amepanda mahindi. Nilikasirika, kisha nikakumbuka kwamba wewe mwenyewe ulikuwa ukiitishia ile miti kila mwaka, "Msipozaa nawang'oa." Redio kaseti yako nimeihamishia kwangu Tunduma, nimeifunika na kile kitenge tulichonunua wote Nakonde, ng'ambo ya mpaka, ulichosema kina maua ya msichana. Nikitoka shule naingia chumbani, nawasha jiko, napika ugali wa mtu mmoja. Bado sijajifunza kuupima. Kila siku unabaki, na kila siku najiambia kesho nitapunguza unga.

Sasa nikuambie la sura ya tano. Hili sijamwambia mtu kwa ukamilifu wake, na ninayetaka kumwambia ni wewe tu.

Unakumbuka tulivyofanya kazi. Mimi nafundisha Tunduma, Kinyiha changu ni cha salamu na chakula, na wazee wa bondeni wasingemfungulia mdomo mwalimu wa mjini. Ukasema nikupe kinasa sauti. Ulikwenda nyumba kwa nyumba na kile kidude ndani ya kikapu, juu yake umeweka mahindi ya kuchoma ya kuwapelekea. Ukirudi unakaa na redio kaseti, unasikiliza kidogo, unazima, unaandika kwa Kiswahili kwenye madaftari ya shule. Jumamosi naja, nachukua madaftari, nakunywa chai nimesimama, nakimbilia gari la kurudi. Kila Jumamosi hivyo hivyo. Hukuwahi kunilaumu.

Wazee wote walisimulia ile habari ya mwaka wanunuzi binafsi wa kahawa walipoingia bondeni na mizani yao. Mimi nilikuwa bweni, nilisikia juu juu tu kwamba kulikuwa na mgomo. Daftari lako liliandika hivi: Fulani alipeleka gunia lililokwisha kupimwa ushirika, mizani ya mgeni ikalipunguza uzito. Fulani akalishusha, akakaa juu yake mlangoni pa kituo, akasema hauzi mtu mpaka mizani itengenezwe. Akakaa siku mbili. Watu wakakaa naye. Siku ya tatu ikaletwa mizani nyingine.

Fulani huyu, Fulani yule, daftari hadi daftari. Wazee wote, na hakuna hata mmoja aliyemtaja kwa jina. Msomi wako akafurahi! Nikaandika sura nzima kwamba wakulima bado wanaogopa, kwamba soko huria lilikuja na hofu yake, kwamba hata baada ya miaka mingi watu wanamficha aliyewaongoza. Msimamizi wangu aliipenda kuliko zote. Aliniambia hiyo ndiyo nguvu ya kazi yangu.

Siku moja nilikuuliza huyu Fulani ni nani. Ukacheka, ukasema, "Utamjua ukisoma vizuri." Gari lilikuwa linapiga honi. Nikaondoka.

Ukafa msimu wa kuchuma, kapu lako likiwa nusu. Chuo nacho kikaniandikia kwamba muda nilioongezewa ni wa mwisho, mwisho wa mwezi wa kumi na moja nisipowasilisha usajili wangu unafutwa, miaka saba yote inakwenda na maji. Nikarudi kwenye kazi nikiwa kama mtu anayetembea na homa. Zilikuwa zimebaki wiki tatu, nimekwisha maliza, nasahihisha nukta na mkato tu. Jumapili moja nilikosa sauti yako kiasi kwamba nikaweka kaseti. Sikuwa natafuta ushahidi wowote. Nilitaka kusikia unavyobisha hodi.

Nikakusikia. Ukabisha, ukaingia, ukaulizia watoto, kuku, mguu wa mzee unaouma. Kisha mzee akaanza kusimulia, akafika kwenye gunia, akataja jina. Wazi kabisa, hata kwa Kinyiha changu hiki. Jina la babu. Ukakohoa kidogo. Mzee akacheka, akakuomba radhi, akasema amesahau anaongea na mkwe wa mtu.

Niliweka kaseti ya pili, ya tatu, zote. Wote walimtaja. Hakuna aliyeficha wala kuogopa. Aliyekuwa hatamki ni wewe peke yako, kwa kuwa ni baba mkwe wako, na mwanamke aliyeolewa kwetu hachezei jina la baba wa mume kwa mdomo. Wewe hukulichezea hata kwa kalamu.

Niliona aibu, mama, nikakaa chini sakafuni. Yote yalikuwa mbele yangu tangu utoto. Zahanati nesi alipotaka majina yangu kamili, ulisema "Neema Amoni", akauliza la tatu, ukamsogezea kadi asome mwenyewe. Fomu yangu ya kidato cha kwanza ulimpa jirani aijaze, nami nikadhani unaona haya mwandiko wako, nikakuhurumia. Jina langu la tatu ndilo la babu. Nimelibeba maisha yote, na mama yangu mzazi hakuwahi kuniita kwa ukamilifu, na mimi, mtafiti, sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Na yeye babu! Namkumbuka mzee mkali anayetutuma kuni. Wala sikujua kama aliwahi kukaa juu ya gunia siku mbili watu wakamfuata.

Sasa sikiliza jaribu lenyewe. Watahini hawajui Kinyiha. Msimamizi hajui. Kaseti ziko chini ya kitanda changu. Ningenyamaza, sura ingepita, na pengine ingesifiwa. Nilinyamaza siku mbili. Siku ya kwanza nilijiambia nitairekebisha baada ya mtihani. Siku ya pili nilikuwa nafundisha, malori yamejipanga mpaka karibu na uzio wa shule yakingoja kuvuka, madereva wanabishana kwa Kibemba na Kiswahili, mimi nimesimama na chaki, na yakanijia maneno yako ya shambani: "Chuma nyekundu tu. Ya kijani ukiichuma utaipeleka wapi?"

Nikampigia msimamizi. Nikamweleza kaseti zinasema nini. Akasema, "Neema, una uhakika unataka kuigusa sasa? Ukichelewa sina la kukusaidia." Nikasema nina uhakika. Sikuwa nao, mama. Nilisema tu ili nisirudi nyuma.

Nimeibomoa sura ya tano. Niliandika alfajiri kabla ya kipindi cha kwanza na mchana baada ya cha mwisho, kwenye meza ile ile ninayolia chakula, na hapakuwa na mtu wa kuniuliza hata kama nimekula. Hapo ndipo nilipojua upweke ni nini. Kulala peke yangu nilikwisha zoea. Nilichokosa ni kugundua jambo kubwa na kumpata mtu wa kumwambia, na mwenye jambo lenyewe ndiye niliyemzika. Ningekuuliza maswali mia. Je, ulikuwepo pale kituoni? Ulimpelekea uji? Ulikaa umbali gani, kwa kuwa mkwe hakai karibu na baba mkwe? Hayo hayamo kwenye kaseti yoyote.

Sura mpya ni nyembamba. Inasema kulikuwa na mtu, alifanya hivi, anakumbukwa kwa jina, na hili hapa jina. Nimeliandika mimi. Mjukuu na babu ni watani, mimi sikatazwi kulitaja. Nikaeleza pia kwamba mtafiti alikosea, na alikosea wapi, na kwamba aliyenukuu masimulizi hakukosea hata kidogo. Kwenye viambatisho madaftari yako nimeyachapa kama yalivyo. Fulani amebaki Fulani. Dada wa steshenari alitaka kunisaidia, akasema hapa mbona jina halijaandikwa, nikujazie? Nikamwambia aache, mwenye mwandiko alijua anachofanya.

Labda watahini watanirudisha. Labda watasema kazi imepungua nguvu. Nimekubali. Kinachoniuma si hicho. Kinachoniuma ni zile Jumamosi, chai ya kusimama, gari linapiga honi na wewe umekaa na madaftari magotini unangoja nikuulize mara ya pili.

Msimu ukifika nitakuja Iyula. Nitamaliza kuchuma mstari uliouachia nusu, nyekundu tu, kisha nitakaa pale ulipolala nikusomee, pole pole, wala sitaweka gari la kunisubiri. Nitaanzia kwenye jalada, mama. Nitasema majina yangu mawili, halafu mahali pa la tatu nitakohoa kidogo.

Lala salama.

Mwanao,
Neema Amoni