Beseni ya Nabintu

Kwa mutoto wa dada yangu, Nabintu,

Unaandikiwa na muntu mwenye, kutoka Songo mupaka Nyamianda, hakuna asiyemujua kwa mambo ya safari. Mashofere wa magari makubwa, mbele ya kuwasha moteri, wanapita kwanza kwangu hapa Kimanga, mu Uvira, kuniuliza hali ya njia ya pori. Minye nisiposema ndiyo, gari haitoki.

"Mujomba, toa nusu."

Umeona? Nimeandika mistari mitatu tu na tayari nasikia sauti yako. Sawa, natoa. Ni shofere mumoja, alikuja mara moja, na alikuwa anatafuta nyumba ya jirani.

Nakuandikia kwa sababu siku ya posho, ndiyo Jumamosi, jamaa yote inakusanyika kwa mama yako kuondoa matanga. Mwaka umetimia tangu ile homa ikuchukue. Watanipa neno, juu minye ndiye mujomba, na wataniomba hadithi ya safari yetu ya kaskazini, vile wanaiomba kwa kila harusi na kila kilio. Hapo ndipo taabu yangu iko. Zamani nilikuwa naongeza tembo, weye unamutoa. Naongeza majambazi, unawatoa. Tangu umeenda hakuna mwenye kutoa. Kwenye kilio chako tembo walifika saba, watu wakashika vichwa, na minye nikiwa katikati ya kusimulia nikajiuliza: ile asubuhi, Nabintu alikuwa amevaa nini? Sikukumbuka. Nilikuwa na tembo saba mu kichwa, na weye hukuwamo.

Kwa hiyo naandika ile ya kweli, mbele haijapotea yote.

Ilikuwa kiangazi, wakati wa vakansi, milima juu ya Uvira imekauka, majani yake yamechomwa. Ulikuwa umemaliza masomo ya infirmiere, ya kuuguza watu, wakakupa kazi kwenye santere moja ndogo ya wagonjwa mu pori, mbali kuliko Bunyakiri. Mama yako akasema binti hawezi kwenda kule peke yake. "Natafuta mwanaume wa kumupeleka," aliambia majirani. "Nikimukosa, ndugu yangu ataenda." Na weye ulicheka ukiwa umeinama, unafunga kamba ya viatu. Vilikuwa viatu vya kaka yako, vinakupita kwa ukubwa. Na kitenge ya kijani. Umeona, vinarudi.

Mu mikono ulibeba beseni ya rangi ya bleu, mupya, zawadi ya mama yako. Ndani mulikuwa na robe yako nyeupe ya kazi, imepigwa pasi, na sabuni mbili. Hukukubali iwekwe nyuma na mizigo. Uliikalisha kwa magoti kama mutoto wa kunyonya.

Tukapanda gari ya mizigo, tukapita Sange, tukapita Luvungi, vumbi mupaka kwenye meno. Nyuma yetu kulikuwa magunia ya ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa letu, mupaka juu. Minye nilikuwa nakuelezea kila kilima na vita ya babu zetu juu yake, na shofere akakuuliza, "Dada, huyu muzee anakunywa maji saa ngapi?" Kiisha tukaanza kupanda mulima wa Ngomo, zile kona zake, bonde chini halionyeshi mwisho. Ya Ngomo nitarudilia. Niache kwanza nipate nguvu.

Siku ya tatu gari ikazama mu tope. Kule pori hata kiangazi haiheshimiwi. Tangu asubuhi mupaka saa tisa, vijana wa gari wanachimba, wanakata miti, wanaitia chini ya magurudumu. Weye ulishuka ukazunguka, ukazunguka tena, uso ukabadilika.

"Mujomba, ziwa iko wapi?"

Sisi watu wa Uvira hatujui kupotea. Unafungua mulango: huku ziwa, kule mulima, basi. Muntu akikuuliza njia unamuambia upande wa ziwa ao upande wa mulima, anafika. Kule hakukuwa na upande. Miti tu, na ukimya wake. Minye nikanyosha kidole bila hata kufikiri.

"Kule."

"Una hakika?"

"Hakika kabisa! Harufu ya ndagala iko inanifikia."

"Ndagala iko mu gunia, nyuma ya mugongo wako, mujomba."

Ulicheka mupaka ukakaa chini, pale pale kwenye majani. Kiisha kile kicheko kikageuka, ukalia. Ulikuwa na miaka makumi mbili na mbili na hujawahi kulala mahali pasipo ziwa. Nikabaki tu nimenyosha kidole, mupaka mukono ukaniuma.

Uliporudi, kiisha miaka mine, uliniambia kwamba kule, kila asubuhi mbele ya kufungua mulango wa wagonjwa, ulikuwa unaangalia ule upande wa kidole changu. Nikajivuna. Ukasema, "Nilijua si kwenyewe, jua lilinionyesha. Lakini nilihitaji upande." Sijui kwa nini sikukushika mukono siku ile. Nilikusimulia tembo.

Sasa kila asubuhi minye ndiye ninafungua mulango, ziwa iko palepale, mulima palepale, na sijui niangalie upande gani nikikutafuta.

Basi, Ngomo.

Unajua jamaa walikuita nani tangu ile safari. Shofere alirudi Uvira mbele yangu, akasambaza habari kwamba infirmiere wetu alitapika akajaza beseni kwenye kona. Ukawa Mama Beseni. Ukipanda gari wanakupa ndimu na sashe ya plastiki. Siku ya harusi yako mabinamu walifunga beseni na riboni mbele ya gari, na bwana harusi akaulizwa kama amejua anachooa. Weye ulicheka pamoja nao. Miaka yote ile ulinitolea tembo, ulinitolea simba, lakini jambo la beseni hukugusa. Na kwenye kaburi, mwenye kulia kuliko wote alikuwa analia, "Mama Beseni wetu, eh, Mama Beseni wetu." Minye nilikuwa nimesimama karibu na udongo. Nilikuwa na kinywa. Sikukifungua.

Mulale salama weye na babu zako, mutoto wa dada. Siku ya posho nitasimama niisome hii barua polepole, kwa sababu shule yangu niliiacha mu mwaka wa sita. Wa ine. Mama yako atakuwa ameketi mbele, na ile beseni anaitumia mupaka leo kwa kuchambua maharagi.

Nitawaambia hivi. Kwenye kona ya tatu ya Ngomo ulinitazama usoni mara moja tu. Ukatoa robe nyeupe ukaiweka kwa magoti, ukatoa sabuni, ukanisukumia beseni, na shofere macho yake yalikuwa kwa njia tu. Gari iliposimama, mama mumoja aliyekaa juu ya magunia akauliza, "Nani ameumwa humo?" Na weye ukaitwaa beseni mikononi mwangu, ukashuka nayo, ukajibu kwa sauti, "Ni minye, mama. Gari haijanizoea."

Alikuwa minye, Nabintu. Muntu mukubwa wa safari. Na hapa usitoe nusu: ilijaa.

Mujomba wako